Mama Yvonne Asishindwe

Kwa miaka mitatu na ushei, hakuna mtu katika Kilungu nzima aliyenishinda katika mchezo wa herufi. Ninaanza na hilo ili mjue jinsi nilivyokuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa mjane wa miaka sitini na tatu, goti moja bovu, na nilikuwa nikiingia kanisani kama mtu aliyeiandika kamusi mwenyewe.

Mchezo huo aliutengeneza marehemu mume wangu, Nyamai. Yeye alikuwa seremala, mimi mshonaji; kwa miaka thelathini nilidarizi majina ya shule kwenye masweta ya wanafunzi. Mwaka mmoja binti yetu Yvonne alituletea kutoka mjini Kitui seti ya dukani, ile ya maneno ya Kiingereza. Tulijaribu kuichezea kwa Kiswahili, ikatushinda. Herufi A zilikwisha kabla chai haijapoa, na kila mmoja wetu akabaki ameshika Q na X, hajui azipeleke wapi. Nyamai akaudhika. Alichukua kitabu cha nyimbo za kanisa, akahesabu herufi za kurasa kumi, moja baada ya nyingine, kisha akakata vipande mia moja na viwili vya mti wa mukau na kuchoma herufi juu yake kwa waya wa moto. A alitengeneza kumi na tisa. Q na X hakutengeneza kabisa. Alisema hizo hazijafika Kilungu.

Sheria ni rahisi. Unachota herufi saba kutoka kwenye kiondo, kikapu kidogo cha kusukwa, bila kuchungulia, unazipanga kwenye kijiti chenye mfuo ambacho sisi tunakiita reli, mwenzako asizione. Kisha mnapokezana kuweka maneno ubaoni, kila neno lishikane na lililotangulia. Kila herufi ina alama zake, na pembe nne za ubao zina visanduku vyekundu ambavyo huzidisha alama mara tatu. Kuna vipande viwili visivyo na herufi. Nyamai aliviita wageni, kwa sababu mgeni hukaa popote unapomkaribisha.

Alikuwa akinishinda mara tatu katika kila michezo mitano, na hakuwahi kunionea huruma. Siku niliyong'olewa jino, nikarudi nyumbani shavu limefura, alinipiga kwa alama sitini, kisha akaniuliza kama chai ipo. Kila akinishinda alikuwa ananitazama juu ya miwani na kuuliza, "Umekasirika?" Nami nikimjibu kwamba nimekasirika sana, anasema, "Basi kaa chini tuanze tena."

Nyamai alifariki mwezi wa Machi, mwaka wa nne huu. Nilidhani mchezo nao tumeuzika. Lakini wiki sita baada ya mazishi, Alhamisi saa kumi jioni, nilimwona Wavinya, katibu wa akina mama kanisani, akipanda kilima kuja kwangu na mkate chini ya kwapa. Alisema amekuja tucheze. Alhamisi iliyofuata akaja Mzee Mbuvi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, ambaye maishani mwake sikuwahi kumwona akicheza chochote. Iliyofuata akaja mwingine. Hakuna Alhamisi iliyopita bila mtu, hata wakati wa mvua ile iliyobomoa barabara ya Nunguni. Na wote niliwashinda.

Nilijiona nimeiva. Na kwa kuwa mimi si mchoyo, niliamua kuwafundisha. Chai ikimiminwa tu, somo linaanza.

"Usirundike vokali," nilikuwa nikimwambia Mzee Mbuvi. "Ukiona umeshika A nne, usiugue kama mtu anayeumwa na tumbo. Tafuta *baba*, *dada*, *kaka*, *mama*. Familia nzima iko pale, na wote wanakula A."

"Nimesikia, mwaitu," anasema, maana yake mama yangu, ingawa ananizidi miaka sita.

Niliwafundisha kutunza N na I hadi dakika ya mwisho, kwa sababu karibu kila mahali panapokea *ni*. Mwenzako atoe jasho kuweka *shamba*, wewe unakuja na vipande viwili, unafanya *shambani*, unavuna alama za neno zima. Niliwafundisha kwamba M, WA na KU ni funguo za kufungulia maneno kwa mbele. Niliwafundisha maneno mafupi ya kujipenyeza mahali pembamba: *ua*, *oa*, *la*, *po*. Niliwaonya wasimfungulie adui njia ya kwenda kwenye pembe nyekundu. Na juu ya msamiati, niliwaambia waache kukariri kamusi kama watoto wa mtihani. Mtu aanze na kabati la jikoni, ataje kila anachokiona: *ungo*, *mchi*, *kinu*, *mwiko*, *kifuniko*. Akimaliza, atoke nje aende zizini. Maneno unayoyashika kwa mkono hayakuponyoki.

Sasa, jambo ambalo lingenishtua kama nisingekuwa nimelewa sifa ni hili: kadiri nilivyowafundisha ndivyo walivyozidi kuwa wabovu. Wiki niliyomfundisha Mzee Mbuvi habari ya *ni*, aliweka *si* katikati ya ubao, alama mbili, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kuchimba kisima. Wavinya alikuwa anakunja uso, anatazama reli yake kwa muda mrefu, midomo inacheza, jasho linamtoka kabisa, halafu anaweka *cha*. Nilimhurumia. Nilifikiri, maskini, mtu ana diploma lakini kichwa hakishiki.

Hata watu wa Zombe niliwashinda. Kanisa letu lina udugu na kanisa moja la huko Zombe, upande wa Kitui, na kila Sikukuu ya Mavuno tunatembeleana na kushindana kuimba, kuvuta kamba na kucheza herufi. Zawadi ya mchezo wa herufi ni sufuria kubwa ya kupikia pilau ya harusi. Nyamai hakuwahi kuileta Kilungu, kwa sababu Zombe wana mtu anayeitwa Mulwa, fundi redio, na Mulwa hana simile. Mimi niliileta mara tatu mfululizo. Ilikaa jikoni mwa kanisa, na kila nikipita niliigonga kidogo kwa kidole ili isikike.

Hapo ndipo alipokuja Rahab.

Rahab na mumewe Gathua ni watu wa kutoka Murang'a, wana duka la dawa za mimea na mifugo huko chini kwenye barabara ya Mombasa. Mwaka huu walinunua shamba la maparachichi karibu na kanisa letu, wakahamia juu, wakaanza kusali nasi. Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Wavinya kuja kwangu, lakini aliamka na mafua. Rahab alikuwa amepita kumpelekea dawa ya kuku. Akasikia habari za mchezo, akasema yeye ataenda. Wavinya, kwa yale mafua, alimkubalia bila kumweleza jambo moja la muhimu. Baadaye jioni hiyo hiyo alilikumbuka, akavaa viatu, akamfuata mbio mlimani na leso yake puani. Lakini alichelewa.

Rahab alikuwa hajawahi kucheza. Nilimpa somo lote la miaka mitatu kwa nusu saa: vokali, funguo, maneno mafupi, pembe. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayemwelezea ng'ombe mgonjwa. Kisha tukaanza.

Neno lake la pili lilikuwa *viwavi*. La tatu *mbolea*. Mimi nikaweka *shamba*, nikiwa na raha zangu, likaishia nafasi mbili tu kabla ya pembe nyekundu. Nilikuwa nimezoea kuacha pembe wazi, nani angeingia? Rahab aliangalia ubao, akaangalia reli yake.

"Ile *ni* umeniambia, inaingia hapa, ama?" akauliza.

"Inaingia," nikasema.

Akaweka N na I. *Shambani*, mara tatu. Nilijikaza, nikatafuta, nikamwaga mgeni wangu wa mwisho kwenye neno la hovyo. Aliponishinda ilikuwa kwa alama arobaini na moja, na akaniambia asante kwa kumfundisha.

Ndipo Wavinya alipotokea mlangoni, anahema, akaona karatasi ya alama mezani. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Haiya, Rahab! Umefanya nini?"

"Nimeshinda," Rahab akasema, anatabasamu.

"Kwani nilisahau kukuambia? Mama Yvonne hashindwangi! Iko kwa minutes!"

Kuku wangu mmoja aliingia ndani, akatutazama, akatoka.

"Iko kwa nini?" nikauliza.

Wavinya alipiga chafya mara tatu, na nina hakika mbili kati ya hizo zilikuwa za uongo. Lakini sikumwacha. Nilimwekea kiti, nikasimama mlangoni, na goti langu bovu nikaliwekea mkono ili ajue sina haraka. Akatoa yote. Kwamba baada ya mazishi kamati ya kanisa ilikaa. Kwamba ilipitishwa, kwa kauli moja, ikaandikwa kwenye hizo minutes, kumbukumbu za mkutano, Mama Yvonne asishindwe katika mchezo wa herufi. Kwamba kulikuwa na orodha ya zamu za Alhamisi, imebandikwa ndani ya mlango wa stoo ya kanisa. Na kwamba miaka ilipita, kila mtu akiona sasa imetosha, lakini ili kuondoa azimio la kamati lazima mtu asimame mkutanoni apendekeze, na hakuna aliyekuwa na uso wa kusimama mbele ya mchungaji aseme mjane apigwe.

"Na Zombe?" nikauliza. "Mulwa?"

Wavinya alitazama sakafu. "Walitumiwa nakala."

Nitasema ukweli: nililia. Si mbele yao. Niliwaaga vizuri, nikamfungia Rahab mayai kumi, nikasubiri wapite kona, ndipo nikaketi mbele ya ule ubao nikalia kwa hasira na kwa aibu. Niliwaona wote, mmoja mmoja, wakinyanyua vikombe vyangu huku wanahesabu saa. Niliona ile sufuria na kidole changu kikiigonga. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hicho. Nyamai aliponipiga alikuwa ananipiga kwa sababu niliweza kupigwa. Nilikuwa mtu wa kuchezwa naye. Kumbe tangu aondoke nilikuwa mtu wa kutembelewa tu, kama mgonjwa. Na sasa sikujua kama kweli ninaweza kucheza, wala kama kuna mtu hata mmoja ambaye angepanda kilima hicho bila kutumwa.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilikaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili, kwenye vile viti vidogo vya watoto. Mimi si mwanakamati. Niliingia tu, nikakaa kwenye kiti kimoja, magoti yangu yakanifika kidevuni, na hakuna aliyethubutu kuniambia nitoke.

"Someni," nikasema.

Mzee Mbuvi alikohoa. "Mwaitu, hiyo maneno tunaweza ongea na wewe kando..."

"Mbuvi, mimi nimekushinda mara ishirini na mbili. Soma, ama zote uzirudishe."

Alifungua daftari kubwa jekundu, akarudi nyuma kurasa nyingi, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ya kusoma matangazo ya kifo.

"Kifungu cha saba. Ombi la marehemu Bwana Nyamai, alilolitoa kwa mwenyekiti hospitalini. Kwamba mke wake asikose mtu wa kucheza naye herufi. Kamati ilikubali. Marekebisho ya mwenyekiti: *na asishindwe*. Marekebisho yalipitishwa."

Nilimwambia asome tena ule mstari wa kwanza. Akausoma. Sikuwa nimejua. Nyamai alilala hospitali siku kumi na moja, na siku zote hizo aliniambia habari za mbao alizoacha karakanani na bawaba za mlango wa kuku. Habari hiyo hakuniambia. Alimwita Mbuvi akamwambia nisikose mtu wa kucheza naye. Basi. Hakuomba nihurumiwe. Alinijua.

"Nani alikutuma uongeze?" nikamuuliza Mzee Mbuvi.

Alivua miwani. "Hakuna mtu alinituma. Nilikuona kwa kaburi, Mama Yvonne. Nikasema, huyu mama amepigwa ya kutosha."

Mtu akikukosea kwa roho nzuri kiasi hicho, unabaki umeshika hasira mkononi huna pa kuiweka. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtwanga na lile daftari. Niliona heri nimalize kazi iliyonileta.

"Futeni," nikasema.

"Tufute marekebisho?"

"Futeni kifungu chote. Na ile orodha ya kwenye mlango wa stoo, chomeni."

Wavinya aliacha kuandika. "Hata ombi la marehemu, mama?"

"Nyamai aliomba mtu. Hakuomba zamu."

Mzee Mbuvi akatueleza kwa upole kwamba utaratibu ni utaratibu: mimi si mwanakamati, lazima mwanakamati apendekeze na mwingine aunge mkono. Watu wakatazamana. Wengine waligundua ghafla kwamba kamba za viatu vyao zimefunguka. Ndipo Wavinya akasimama, mafua yakiwa bado hayajamwisha, akajinyoosha sketi.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "mimi napendekeza Mama Yvonne apigwe."

Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, wa pili akafuata, na chumba kizima kikavunjika mbavu. Mzee Mbuvi alijaribu kushika uso wa uenyekiti, akashindwa, machozi yakamtoka.

"Apigwe kiasi gani?" akauliza. "Tuandike."

"Kila mtu kwa uwezo wake," nikasema.

Mikono yote iliinuliwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshinda kura, nikihesabu siku zilizobaki hadi Alhamisi.

Jumatatu nilimpigia Mulwa wa Zombe. Nilimwambia kwamba Sikukuu ya Mavuno aje na meno yake yote. Akasema, "Mama, miaka mitatu nimekuwa nikiweka *na* na *ni* mpaka mke wangu ananicheka. Osha hiyo sufuria, naichukua." Nilikata simu nikiwa nimefurahi vibaya sana.

Lakini Zombe ni mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa naiogopa Alhamisi.

Siku hiyo nilifagia ua mara mbili. Saa tisa na nusu nilitandika ubao barazani, nikapindua vipande vyote kifudifudi, nikavirudisha kwenye kiondo. Nilichemsha chai ya watu wawili, nikaona aibu kwa chai yote hiyo, nikaacha. Kutoka barazani kwangu njia inaonekana vizuri mpaka kwenye kona ya maparachichi, na sikuitazama hata kidogo, ila niliitazama kila dakika.

Saa kumi ilifika. Hakuna mtu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Nilijiambia kwamba nimejitakia mwenyewe. Ningeweza kukubali wafute yale maneno mawili tu, orodha ibaki, watu waje kwa zamu zao. Nani alinituma kuwa na kiburi? Saa kumi na robo nilianza kucheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na hata hapo niliona jambo la kunitia haya. Mkono wa kulia uliacha pembe wazi mara mbili. Nilikuwa nimekuwa mvivu. Miaka mitatu bila mtu wa kunisukuma, nilikuwa nafundisha watu sheria ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuzifuata.

Saa kumi na nusu nilianza kukusanya vipande.

"Usitoe! Usitoe!"

Alikuwa Wavinya, anapanda kwa mwendo wa mtu aliyeibiwa. Mkononi hakuwa na mkate. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, limechakaa kingo.

"Nimechelewa nikitafuta hii," akasema, akalitupa mezani. "Fungua."

Nililifungua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe za Alhamisi zake kwangu, na chini yake ameandika kwa mwandiko mdogo wa hasira. *Mchwa. Alama ishirini na sita. Nikaweka 'cha'.* Ukurasa mwingine: *Kifuniko. Aliacha pembe wazi. Nikaweka 'ko'.* Na mwingine, umepigiwa mistari miwili chini: *Mawingu. Herufi zote saba! Nikaweka 'ni'. Nimerudi nyumbani nikamgombeza mume wangu bila sababu.*

"Hii ni nini, Wavinya?"

"Ni maneno yote umenimezesha, mama. Miaka mitatu! Ilikuwa inaniuma. Unaona neno iko hapo, inakuangalia, na wewe unaacha. Nikaona nisipoandika nitapasuka."

Nilipitisha kidole kwenye kurasa zile. Yalikuwa mazuri. Haki ya Mungu, yalikuwa mazuri kuliko yangu. Funguo za mbele zilikuwa humo, *ni* zilikuwa humo, maneno ya jikoni na ya zizini yalikuwa humo, kila nilichofundisha. Nikaelewa jambo ambalo kamati haikulifikiria: huwezi kulikwepa neno bora kabla hujaliona. Kila Alhamisi alilitafuta, akalipata, kisha akaweka la chini yake. Nilikuwa nimemfundisha mchezaji hatari kuliko wote Kilungu, na mimi mwenyewe sikuwa nimemwona.

"Na nani amekutuma leo?" nikauliza. Ilibidi niulize.

Wavinya alinikodolea macho. "Kunituma? Mama Yvonne, mimi nimekuja kukupiga."

Nilikwenda jikoni kubandika chai tena, na nilikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Nilipotoka alikuwa ameshachota herufi zake saba, amezipanga, amekaa mbele kabisa ya kiti.

Huo ulikuwa mchezo. Sikuwa nimetoa jasho hivyo tangu siku za Nyamai. Alianza na *kinyozi*, herufi zote saba kwa pigo la kwanza, na hakuomba radhi. Nilimziba njia ya kulia akatokea kushoto. Niliweka *mwiko*, yeye akaning'iniza *ua* pembeni yake, akachukua alama zangu na zake. Nilikumbuka kutunza N na I, nikamfanyia *kisima* chake kuwa *kisimani*, akapiga meza kwa kiganja akasema, "Hiyo nilikuwa nimeiona!" Kiondo kilipobaki tupu tulikuwa tumetofautiana alama nne. Nilikuwa nimebakiwa na herufi tatu na nafasi moja nzuri, nikaitazama, nikavuta pumzi, na kabla sijanyoosha mkono nikakatizwa na kukohoa kwa mtu njiani.

Alikuwa Mzee Mbuvi, anapanda na fimbo yake, na nyuma yake Rahab amebeba kichana cha ndizi. Mzee alisema amekuja kuuliza kama zile mara ishirini na mbili zinaweza kurudiwa. Rahab alisema yeye alidhani ni kila Alhamisi, kwani siyo? Niliwaambia wakae, wanyamaze, na wasiguse ubao. Nikaweka neno langu. Wavinya hakulitazama hata. Alishusha vipande vyake vinne vya mwisho, kimoja kimoja, hadi kwenye pembe nyekundu ambayo nilikuwa nimeiacha wazi.

Alinishinda kwa alama kumi na saba. Mbuvi alihesabu mara mbili, kwa mazoea ya kamati.

Halafu nilimwona Wavinya akipoteza ule ukali wote. Alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Ndiye mtu wa kwanza wa Kilungu kunishinda kwa makusudi tangu nifiwe, na ilikuwa kama ndio kwanza anatambua. Alinitazama juu ya meza.

"Mama Yvonne," akasema polepole, "umekasirika?"

Hakuna aliyemwambia kuhusu swali hilo. Hilo lilikuwa la mimi na Nyamai.

"Nimekasirika sana," nikamwambia. "Weka hivyo vikombe chini. Kaa, tuanze tena."